Somo la Jumuiya za Nyumbani: Kustaafu kwa Utulivu Tukiwa Ugenini

Maandiko ya kusoma pamoja: Yeremia 29:4-7, 2 Samweli 17:27-29 na 19:31-39, Hesabu 8:24-26, Luka 12:16-21, Mithali 12:10.

Lengo la somo: Kuwasaidia wazee wetu na watoto wao kuzungumza bila ugomvi juu ya maisha baada ya kazi, na kujiandaa mapema kiroho, kimwili na kifedha.



Wiki hii tunaomba kila jumuiya ijifunze jambo ambalo hatulizungumzi mara nyingi. Usharika wetu unazeeka, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Wale waliofika Minnesota miaka ya 1990 wakiwa vijana wenye begi moja na koti jembamba, sasa wana miaka 60 na kuendelea. Wengine wameshastaafu. Wengine wanahesabu miezi.

Tunapowatembelea, tunakuta wengi wana picha mbili tu za uzee. Ya kwanza ni kurudi nyumbani na kuishi katika ile nyumba iliyojengwa kidogo kidogo kwa pesa za kutumwa kila mwezi. Ya pili ni kuendelea na shifti mbili mpaka mgongo ukatae. Picha ya tatu hatuioni sana: mzee ametulia nyumbani kwake hapa hapa, asubuhi anamwagilia mchicha, mbwa amelala mlangoni, jioni anakula alichovuna mwenyewe. Na tukimwona mzee wa namna hiyo, baadhi yetu tunanung'unika. Tunasema amekuwa Mzungu. Tunasema amekaa bure wakati wajukuu wanahitaji kulelewa.

Je, mzee huyo amekosea? Hilo ndilo swali la somo letu.

1. Mfano wa mzee mmoja

Tuchukue mfano wa mzee mmoja. Tumebadilisha mambo madogo ili asitambulike, na yeye mwenyewe ameridhia tuusimulie.

Alifanya kazi ya jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee kwa zaidi ya miaka 20. Mkewe alitangulia mbele za Bwana kabla hajastaafu. Ana nyumba ndogo ambayo deni lake la benki limekwisha. Nyuma ya nyumba ana matuta 6: mchicha, sukuma wiki, matembele, maboga anayolima kwa ajili ya majani, nyanya, na maharage yanayopanda kwenye kamba. Ana mbwa aliyeachiwa na jirani aliyehama, na paka 2 ambao walijileta wenyewe wakati wa baridi na hawakuondoka.

Huamka saa 12 asubuhi, anasali, anatembea na mbwa, anakunywa chai, kisha anaingia bustanini kabla jua halijawa kali. Mchana anajinyoosha kidogo. Siku ya Jumatano anafunga mboga kwenye mifuko na kuwapelekea familia zilizofika karibuni. Ukimwamkia na kumuuliza hali, anasema, "Marahaba. Namshukuru Mungu, sina la kumdai."

Watoto wake wanaishi Texas. Walitaka auze nyumba ahamie kwao. Sababu zao hazikuwa mbaya. Baba yuko peke yake, ana presha, na theluji ya huku inaangusha hata vijana. Wao nao wanalipa pesa nyingi kwa ajili ya kulelewa watoto. Tena waliogopa maneno ya ndugu kule nyumbani, kwamba wamemtupa baba yao. Siku moja binti mkubwa akamwambia kwenye simu, "Baba, unawakataa wajukuu wako kwa ajili ya mbwa?"

Mzee hakujibu. Simu zikapungua. Zikapita wiki kadhaa bila baba na binti kusalimiana, na hapo ndipo jambo likaletwa kwa wazee wa kanisa. Tunajua si familia hiyo peke yake. Maneno kama hayo yamesemwa katika nyumba nyingi za usharika huu, kwa sauti ya chini.

2. Neno linasema nini

Tuanze na Yeremia 29. Nabii aliwaandikia barua watu waliopelekwa Babeli. Walikuwa na manabii wengine waliowaambia wasifungue mizigo, kwamba watarudi karibuni. Yeremia aliwaambia tofauti. Aliwaagiza wajenge nyumba na wakae ndani yake, wapande bustani na wale matunda yake, waoze watoto wao, na wauombee mji ule amani. Alijua safari ya kurudi ingechukua miaka 70. Kwa hiyo mtu mzima aliyeisikia barua ile alielewa kwamba bustani anayoipanda pale ndiyo atakayoila mpaka mwisho wake.

Tuangalie vizuri: Mungu hakuwaambia wausahau Yerusalemu. Aliwaambia waishi. Mtu anaweza kuipenda nyumbani kwao Bukoba, Kisii au Bukavu kwa moyo wote, na bado akapanda sukuma wiki hapa.

Kisha tusome habari za Barzilai, Mgileadi. Huyu ni mmoja wa wazee wazuri sana katika Biblia, na hatumhubiri mara nyingi. Daudi alipokuwa anamkimbia mwanawe Absalomu, alifika Mahanaimu akiwa amechoka na watu wake wana njaa. Barzilai na wenzake wakamletea vitanda na vyombo, ngano, shayiri, maharage, dengu, asali, siagi na kondoo. Vita ilipokwisha, mfalme alitaka kumlipa. Akamwalika ahamie Yerusalemu, atunzwe katika nyumba ya kifalme.

Barzilai alikuwa na miaka 80. Alikataa kwa heshima. Alisema ladha ya chakula haisikii tena sawasawa, wala sauti za waimbaji. Alisema hataki kuwa mzigo kwa mfalme. Aliomba arudi katika mji wake, afie karibu na kaburi la baba na mama yake. Kisha akamtoa Kimhamu aende badala yake.

Mfalme alifanyaje? Hakukasirika. Alimkubalia, akambusu, akambariki, na Barzilai akarudi kwake. Na katika 1 Wafalme 2:7 tunaona Daudi, akiwa karibu kufa, bado anamwagiza Sulemani awatendee mema wana wa Barzilai. Mzee alisema hapana, na upendo haukuvunjika.

Hapa kuna jambo gumu kwetu tulio ugenini, na tusiliruke. Barzilai alitaka kuwa karibu na kaburi la wazazi. Kaburi la wazazi wetu liko mbali. Kwa baadhi ya wazee, Gileadi yao ni kijijini, na wakisema wanataka kurudi tuwasikilize. Kwa wengine, hasa waliozika mwenzi wa ndoa hapa, Gileadi imekuwa ni hapa. Mtoto asimchagulie mzazi Gileadi yake. Amuulize.

Andiko la tatu ni Hesabu 8:24-26. Mlawi alifanya kazi ya hema tangu miaka 25. Alipofika 50 aliacha ile kazi nzito, lakini aliendelea kuwasaidia ndugu zake katika kulinda. Kwa hiyo kustaafu hakukuwa aibu, na aliyestaafu hakuwa mtu wa kuwekwa pembeni. Mzigo ulipungua, ushirika ukabaki.

3. Kutosheka siyo kujifungia

Wengine watauliza: je, yule tajiri wa Luka 12 naye hakutulia? Alikuwa na ghala zimejaa, akaiambia nafsi yake ipumzike, ile na kunywa. Mungu akamwita mpumbavu. Tofauti iko wapi?

Someni tena mfano ule mkihesabu watu. Ndani yake hakuna jirani, mjane wala mtoto. Tajiri anaongea na nafsi yake tu. Shida yake haikuwa kupumzika. Alijilimbikizia akiba peke yake, na hakuwa tajiri kwa Mungu.

Basi tujipime kwa maswali matatu mepesi. Je, bustani yangu inalisha mtu mwingine? Je, nisipoonekana siku mbili, kuna mtu atakayegonga mlango? Je, moyo wangu unashukuru, au nimejificha kwa sababu nimekasirikia watu? Mzee anayejibu vizuri maswali haya ametulia. Anayeshindwa anahitaji kutembelewa, hata kama bustani yake inapendeza.

Hili siyo jambo dogo. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani wakati huo, Vivek Murthy, alitoa waraka juu ya upweke, akilinganisha hatari ya kukosa ushirika wa watu na ile ya kuvuta hadi sigara 15 kwa siku. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hatukushangaa. Tumewaona wazee wanaobonyeza kengele usiku, na ukifika hawataki dawa. Wanataka uketi.

Tulipokaa na ile familia kwa simu ya video, tuliwasomea habari za Barzilai, kisha tukamwomba kila mmoja aseme anachoogopa. Watoto waliogopa baba ataanguka na asionekane mpaka kesho yake. Baba aliogopa kuwa mlinzi wa watoto katika nyumba ambayo hana ufunguo wa gari, hana rafiki na hana kazi ya mikono. Hakuna aliyekuwa anagombania mbwa.

Wakakubaliana hivi. Baba anabaki kwake. Kila asubuhi kabla ya saa 3 anatuma ujumbe. Usipofika, wanapiga simu, na asipopokea, jirani mwenye ufunguo anakwenda. Mwezi wa saba wajukuu wanakuja kukaa naye. Mwezi wa kwanza anakwenda Texas wiki 3, na kijana wa usharika anabaki na wanyama. Mazungumzo yatarudiwa kila mwaka, kwa sababu afya hubadilika. Binti mkubwa hakufurahi siku ile, na alisema hivyo. Lakini alisema akiwa anaongea na baba yake.

4. Bustani na mwili wa mzee

Sasa tuongee kama wauguzi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 3 za mazoezi yanayosaidia mwili kusimama imara usiyumbe. Mzee wetu hataenda kuinua vyuma. Lakini kubeba ndoo ya maji, kupalilia na kuinama kuvuna ni mazoezi, na mtu hayafanyi kwa kulazimishwa.

Hata kuutazama ukijani kuna faida. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alitoa taarifa ya wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Alilinganisha jozi 23: mmoja dirisha lake liliangalia miti, mwenzake liliangalia ukuta wa matofali. Walioiona miti walikaa hospitalini muda mfupi zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Utafiti ni mdogo, lakini unafanana na tunayoyaona wodini.

Tunashauri haya:

Msiwahi kupanda. Hapa Minnesota baridi ya kuua miche inaweza kurudi mpaka katikati ya Mei. Mchicha, ambao ndugu zetu wa Kongo wanauita lenga-lenga na wa Kenya terere, unapenda joto. Subirini udongo upate joto. Matembele na maboga vivyo hivyo. Sukuma wiki inavumilia baridi, na majani yake huwa matamu zaidi baada ya usiku wa baridi kali. Hiyo mnaweza kuendelea kuivuna mpaka Oktoba.

Inueni matuta. Sanduku la mbao lenye kimo cha goti au zaidi linaokoa mgongo na nyonga. Pia linasaidia penye shaka ya udongo. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya 1978 zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, na udongo ulio karibu na kuta unaweza kuwa na sumu hiyo, ambayo ni mbaya hasa kwa wajukuu. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara inayopima udongo. Pimeni kabla ya kula.

Ogopeni jua. Mwili wa mzee hautoi taarifa ya kiu mapema, na vidonge vya presha vinavyokojoza hupunguza maji zaidi. Fanyeni kazi asubuhi au jioni, kunyweni maji, vaeni kofia. Mkisikia kizunguzungu, ketini chini hapo hapo.

Angalieni chanjo ya pepopunda. Hurudiwa kila baada ya miaka 10. Mwiba na jembe havichagui umri.

Mnaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda aina ya warfarin, mjue kwamba mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Hatusemi msile mboga. Kuleni kiasi kinachofanana kila wiki, na mwambieni daktari bustani inapoanza kuzaa, ili damu ipimwe. Wenye ugonjwa wa figo nao waulize, kwa sababu majani mengi yana potasiamu.

Na theluji ikifika? Hapo ndipo wengi wanaanguka moyo. Chemsheni majani kidogo, mkayagandishe kwenye friza kwa mafungu. Kausheni mbegu za maboga na maharage. Wekeni ndoo ya vitunguu vya majani na dania dirishani. Mikono ikiwa na kazi mwezi wa pili, moyo nao unasubiri vizuri.

5. Wanyama wa nyumbani

Wengi wetu tumelelewa tukijua mbwa hulala nje. Hilo lilikuwa na sababu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu vifo vyote vya watu kutokana na kichaa cha mbwa hutokana na kuumwa na mbwa, na vingi hutokea Afrika na Asia. Mama aliyemkataza mtoto kumshika mbwa alikuwa analinda uhai. Hapa mbwa huchanjwa, na hatari hiyo imepungua sana. Kwa hiyo tusimcheke mzee anayeogopa mbwa, wala tusimhukumu anayemfuga ndani.

Biblia yenyewe inaijua habari hii. Nathani alipomkemea Daudi katika 2 Samweli 12, alisimulia juu ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu. Alikula chakula cha bwana wake, akanywa kikombe chake, akalala kifuani pake kama binti. Daudi hakucheka aliposikia. Alikasirika kwa ajili ya yule maskini. Na Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki huujali hata uhai wa mnyama wake.

Kitabibu, tunajua nini? Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 92 wa moyo. Kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani, 3 walikuwa wamefariki baada ya mwaka mmoja. Kati ya 39 wasio na mnyama, walifariki 11. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha magonjwa ya moyo kilisema kwamba kufuga, hasa mbwa, huenda kunasaidia moyo, lakini mtu asichukue mnyama kwa sababu hiyo peke yake. Ushauri huo ni wa hekima. Mnyama siyo kidonge. Anakula, anaugua, anahitaji matibabu yenye gharama, na anaweza kuishi miaka 15.

Kwa hiyo kabla mzee hajachukua mnyama, familia ijibu: nani atamtunza mzee akilazwa? Tumekutana na wagonjwa waliotaka kutoka hospitalini kabla ya wakati kwa sababu paka amefungiwa ndani hana chakula. Andikeni jina la mtu huyo na mlibandike mlangoni pa jokofu, pamoja na orodha ya dawa za mzee.

Mengine ni ya kawaida. Mbwa mkubwa anayevuta kamba anaweza kumwangusha mzee kwenye barafu. Mbwa mzee na mpole anafaa zaidi. Wekeni taa ndogo kwenye korido usiku, maana wengi hujikwaa kwa paka wakienda msalani. Binti mjamzito asisafishe choo cha paka, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwingine asafishe, kila siku. Mnaofuga kuku, ulizeni kwanza masharti ya mji wenu, na nawieni mikono kila mkitoka bandani.

6. Karatasi zinazolinda utulivu

Huwezi kutulia bustanini huku barua za bima zimelundikana mezani. Haya yanawahusu hata wenye miaka 40.

Pensheni ya Social Security hupatikana kwa aliyefikisha pointi 40, na kwa mwaka hupati zaidi ya pointi 4. Yaani ni kama miaka 10 ya kazi inayokatwa kodi. Kazi ya kulipwa mkononi bila kukatwa haihesabiwi. Vijana, mlisikie hili mapema.

Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hupata malipo kamili akiwa na miaka 67. Akianza kuchukua akiwa na 62, anapata asilimia 70 tu ya malipo hayo kila mwezi. Akingoja hadi 70, anapata asilimia 124. Uamuzi unategemea afya na mahitaji. Msiufanye kwa kusikia ya jirani.

Bima ya Medicare huanza kwa wengi wakiwa na miaka 65. Dirisha la kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Sehemu B ikichelewa bila sababu inayokubalika, ada yake huongezeka asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, na nyongeza hiyo kwa kawaida haiondoki. Kama bado una bima ya kazini, uliza kabla hujaamua. Sheria za wasio raia hubadilika, nao waulize kwanza. Hapa Minnesota kuna huduma ya bure, iliyojulikana kwa jina la Senior LinkAge Line, inayosaidia wazee katika mambo haya.

Wanaopanga kurudi Afrika wajue kwamba kwa kawaida Medicare hailipii matibabu nje ya Marekani. Nyumba nzuri kijijini bila mpango wa matibabu itawatia watoto wenu kwenye michango ya dharura.

Mwisho, andikeni hati ya maelekezo ya matibabu, inayosema nani atawaamulia mkishindwa kusema. Katika Minnesota hati hiyo husainiwa mbele ya mthibitishaji wa serikali au mashahidi 2. Kuiandika siyo kujitabiria kifo. Barzilai alizungumza juu ya kaburi lake waziwazi, na kesho yake aliendelea kuishi.

7. Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Tulipokuwa wadogo, mzee aliyetulia nyumbani tulimwona wa namna gani? Hapa ugenini tunamwona wa namna gani?
2. Daudi alikubali "hapana" ya Barzilai. Ni nini kinatufanya tushindwe kuikubali "hapana" ya wazazi wetu?
3. Wazee: Gileadi yako iko wapi? Je, watoto wako wamewahi kuisikia kutoka kinywani mwako?
4. Watoto: ukimwomba mama au baba aje kulea wajukuu, umemuuliza anachopenda kufanya na siku zake?
5. Katika jumuiya yetu, ni mzee gani anayeishi peke yake? Nani ana ufunguo wake? Msiondoke kabla hamjajibu swali hili kwa majina.

Kazi ya wiki: Kila familia impigie mzee mmoja simu, si kwa kuomba wala kwa kushauri. Muulizeni amepanda nini mwaka huu. Wenye mbegu za mchicha na maboga walete kidogo Jumapili ijayo. Meza itawekwa karibu na mlango, na anayehitaji achukue.

Tuombe

Ee Mungu wetu, uliyetutoa mbali na kutufikisha hapa, tunakushukuru kwa wazee wetu. Wape usingizi mzuri na miguu isiyoteleza. Wape watoto wao subira na masikio. Wanaotamani kurudi nyumbani uwafungulie njia, na wanaobaki uwape amani mahali walipo. Utuzidishie mkate na mboga, na mtu wa kula naye. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Jumapili njema, na Bwana awe nanyi.